Tairi Lisilojua Kupasuka

Siku Ilyasi alipobandika kiraka kwenye tyubu ya Munyaneza, alijua hakitadumu.

Alijua kwa kidole gumba. Mtu aliyeziba pancha miaka kumi na minane hahitaji kungoja mapovu kwenye beseni la maji. Hupitisha kidole ukingoni mwa kiraka, na kidole kikamwambia. Ukingo ule ulikuwa umeinuka kidogo, mwembamba kama ganda la kitunguu. Ubaya ulikuwa kwenye gundi. Tangu vita vianze kule kaskazini, Oktoba ya mwaka uliotangulia, mpaka wa Gatuna, wa kwenda Uganda, ulikuwa umefungwa, na mali iliyozoea kuja kutoka Mombasa sasa ilizunguka Tanzania, ikafika Kigali kwa kusuasua. Tairi mpya hazikuonekana. Tyubu ilitafutwa kama dawa. Mkebe wa mwisho wa gundi aliokuwa nao Ilyasi ulikuwa umekauka nusu, naye aliulainisha kwa petroli, akijua kwamba gundi ya namna hiyo hushika asubuhi na kuachia mchana.

Chini ya meza yake, ndani ya gunia, ilikuwapo tyubu moja nzima, ya kipimo kilekile cha pikapu ya Pijo ya Munyaneza. Alikuwa amemwekea Rutayisire, karani wa prefektura, ofisi ya mkoa. Wakati wa kamatakamata, vita vilipoanza, Rutayisire ndiye aliyesema neno moja mahali panapohusika, na mdogo wake Ilyasi akaachiwa. Mtu kama huyo humwambii tyubu yako nimempa mwingine.

"Iko sawa?" Munyaneza aliuliza. Alikuwa na haraka. Nyuma ya pikapu viazi vitamu vilikuwa vinangojwa sokoni.

"Iko sawa," Ilyasi akajibu. "Nenda na Mungu."

Walikuwa marafiki wa tangu ujana. Munyaneza, Mkatoliki wa Ndera, alikuja Nyamirambo akiwa kijana kujifunza umakanika, akapanga chumba nyumbani kwa kina Ilyasi, mtaa wa Biryogo, akala futari yao mwezi wa Ramadhani na kujifunza Kiswahili cha pale. Alipomwoa Illuminée, Ilyasi ndiye aliyeendesha gari la bibi harusi. Baadaye alinunua ile Pijo kuukuu, akawa anateremsha viazi, maharage na watu kutoka vilima vya Ndera kuja mjini, na hapakupita wiki bila kusimama pale kwenye kibanda cha Ilyasi, hata kama hana pancha.

Siku ya tatu baada ya kiraka kile, Illuminée alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba ya pili. Wa kwanza, Uwase, alikuwa na miaka sita. Saa nne asubuhi damu ikaanza kutoka, nyingi kuliko inavyopasa. Munyaneza akamlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu, mama yake Munyaneza akapanda kumshikilia, wakashika ile njia ya vumbi kuelekea lami. Walipofika mteremko wa Masoro, tairi la nyuma likaisha pumzi. Tairi la akiba alikuwa ameshalifunga mbele, maana mengine yalikuwa yamekwisha. Alijaribu kwenda na rimu tupu. Rimu ikazama kwenye tope la mfereji.

Wanaume wa pale walileta ingobyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, wakamchukua Illuminée mbio. Walikuwa hawajaiona lami aliponyamaza. Mtoto hakuzaliwa.

Ilyasi alipata habari adhuhuri ya kesho yake. Alienda Ndera kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akazika pamoja na watu, akakaa matanga. Munyaneza alimkumbatia, akamwambia, "Hewa, Ilyasi. Mke wangu ameuawa na hewa. Hewa imetoka tu, basi."

Ilyasi akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo. Kisha akaufunga, na kuanzia pale ikawa kila siku inayopita inayafanya maneno yale kuwa mazito zaidi.

Aliporudi kazini hakuweza tena kulitazama tairi kama alivyolitazama zamani. Alikuwa akishika mpira uliojaa upepo, anaona kitu kinachongoja kumsaliti mtu. Ndipo alipoanza kutafuta namna ya kutengeneza tairi lisilo na hewa kabisa.

Alianza na alichokijua. Vijijini, watu waliokosa tyubu ya baiskeli waliwahi kujaza majani tairini wakasukuma siku mbili tatu. Alijaza tairi la gari maganda makavu ya mgomba, akayashindilia kwa nyundo. Kilomita chache tu yakageuka unga. Akajaribu kamba za katani. Zikalowa maji, zikaoza, zikanuka. Mwishowe akaenda kwenye marundo ya tairi mbovu za malori, akazichanja vipande virefu vyembamba, akavizungusha ndani ya tairi safu juu ya safu, akazibana kwa jeki ya lori na kuzifunga kwa waya mpaka lile tairi likawa kama gogo. Kila moja lilimchukua siku nne. Viganja vyake vilichanika. Mkewe alimwuliza anamtengenezea nani, akasema, "Munyaneza," na mkewe hakuuliza zaidi, akidhani ni mapenzi tu ya urafiki.

Gatera, dereva wa lori aliyekuwa akisafiri njia ya Rusumo hadi Tanzania, alilikuta la kwanza limeegemezwa ukutani. Akalinyanyua, akaguna, akaliachia lidunde. Halikudunda. Lilianguka tu.

"Hili ni tairi au ni jiwe la kusagia?"

"Halipasuki," Ilyasi alisema. "Pitisha msumari, pitisha chupa, pitisha panga. Halina cha kutoka."

"Sawa. Lakini unajua kwa nini waliotangulia walitia hewa humu? Si kwamba mpira uliwaishia. Hewa inameza shimo. Mpira mtupu haumezi. Shimo lote unalirusha juu, kwenye springi, kwenye beringi, kwenye kiuno cha mtu. Na uzito huu! Gari litakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Na ukikimbia nalo, litapata moto ndani, na moto ule hauna pa kutokea."

"Asikimbie, basi."

"Kwenye mkokoteni nitakusifu. Kwenye kitoroli cha kiwandani, sakafu tambarare, vyuma vimemwagika kila mahali, nitakusifu zaidi. Lakini gari la watu, kwenye milima yetu hii?" Gatera alitikisa kichwa. "La hewa likikuangusha linakuangusha mara moja. Hili lako litakuchapa kila siku."

"Afadhali kuchapwa kila siku," Ilyasi akasema, na Gatera akamtazama usoni, akaacha ubishi.

Munyaneza alipoletewa magurudumu manne, alizunguka moja baada ya jingine akiyagonga kwa kisigino. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba.

"Hili haliwezi kuisha pumzi?"

"Halina pumzi."

Ilyasi alipigilia misumari kwenye ubao, akaulaza barabarani mbele ya kibanda, ncha juu. Munyaneza akaiendesha Pijo juu yake polepole, mbele, kisha nyuma. Watu wa Biryogo walikusanyika wakapiga makofi. Munyaneza akashuka, akachuchumaa, akakitazama kichwa cha msumari kilichobaki kimezama ndani ya mpira. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko. Jioni ile alikula sahani mbili za pilau nyumbani kwa Ilyasi, akasema, "Sasa naweza kulala."

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya sifa. Madereva wengine walikaa kando ya njia ya Masoro wakiomba gundi kwa wapita njia, na Pijo ikawapita ikiunguruma, haisimami kwa mwiba wala kwa kokoto. Wapo waliokuja kwa Ilyasi kuomba ya kwao. Akawaambia hana mpira wa kutosha. Hakutaka kuyatengeneza tena. Hakujua kuwaeleza kwa nini.

Kisha Gatera akaanza kuonekana mkweli. Springi ya nyuma ilikatika, ikafungwa, ikakatika ya pili. Taa ya mbele ilidondoka yenyewe. Mama mmoja aliyepanda na kibuyu cha maziwa alishuka sokoni akakuta madonge ya siagi yanaelea. Watu wakacheka, naye akaapa kutopanda tena. Mayai ndiyo hayakubebwa kabisa. Njia ya nusu saa ikawa saa nzima, maana akizidisha mwendo mpira ulitoa harufu ya kuungua, na kila akifika Masoro ilimbidi asimame ayamwagie magurudumu maji, mvuke ukipanda kama wa sufuria. Usukani ulimchosha mikono mpaka akawa anashika kijiko kinatetemeka. Yote hayo Munyaneza aliyavumilia. "Lakini halipasuki," alikuwa akisema, kama mtu anayemaliza sala.

Mwaka wa tisini na mbili, mvua za Aprili, mama yake Munyaneza aliteleza akitoka kisimani. Jina lake Nyirahabimana, mjane, mwanamke mrefu aliyebaki akimlea Uwase tangu mkwewe afariki. Nyonga ikavunjika. Ikaungwa, lakini kidonda hakikufunga. Usaha ulitoka kwenye mfupa, na daktari wa hospitali kubwa ya mjini akaagiza aletwe mara mbili kwa wiki kusafishwa. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki alilazwa kwenye godoro nyuma ya Pijo.

Siku moja ya Jumanne Munyaneza alimwomba Ilyasi awasindikize, wasaidiane kumbeba. Ilyasi akaenda Ndera mapema, akapanda nyuma, akakaa kando ya godoro. Mama yule alimsalimu vizuri, akamwuliza hali ya mke na ya soko. Gari lilipoondoka, alichukua ncha ya kitenge chake, akaikunja mara tatu, akaitia kati ya meno.

Ilyasi hakuelewa mpaka lilipokuja shimo la kwanza.

Hakulia. Macho yalimtoka, jasho likamchuruzika mashavuni, na kila jiwe gari lilipokanyaga, mwili wake mzima uliruka na kuangukia ile nyonga. Ilyasi alijaribu kumshikilia, akatia mikono chini ya godoro, akahisi njia yote ikipita kwenye mifupa ya vidole vyake mwenyewe. Kilomita baada ya kilomita. Mbele, kwenye kioo kidogo, alimwona Munyaneza akiendesha kwa utulivu kabisa, uso wa mtu aliyetimiza wajibu.

Hospitalini walimlaza kwenye benchi la veranda kungoja zamu. Munyaneza akaenda kupanga foleni ya karatasi. Mama Nyirahabimana akatoa kitenge mdomoni.

"Ilyasi, mwanangu. Kila jiwe la Masoro sasa nalijua kwa jina."

"Mama, kwa nini humwambii?"

"Nimwambie nini? Illuminée alipokufa, huyu alikuwa hali, halali. Anatembea uani kama kivuli. Ulipomletea magurudumu yako ndipo alipolala. Nikimwambia yananivunja, atalazimika kuchagua, mimi au usingizi wake. Mzazi hamwekei mtoto chaguo kama hilo." Alipumzika kidogo. "Mimi sina muda mrefu. Ila ningependa niende nikiwa mzima kidogo. Mtafutie neno wewe. Wewe ni fundi, atakusikia."

"Nitamtafutia, Mama."

"Usimwambie ni mimi."

Wiki ile Ilyasi alienda Ndera peke yake. Alimkuta Munyaneza uani, mchana wa jua kali, anafunga springi kwa waya. Akamwambia habari za petroli. Akamwambia beringi zitakufa, ekseli itakatika mteremkoni. Yote yalikuwa kweli.

"Ekseli nitanunua," Munyaneza alisema bila kuinua kichwa.

"Turudishe tairi za kawaida, ndugu yangu. Gatera atatuletea kutoka Tanzania."

"Za hewa?" Sasa aliinua kichwa. "Mama yangu, nimpakie juu ya hewa? Wewe ulikuwapo kwenye maziko. Wewe unajua hewa ilinifanyia nini."

"Si hewa."

"Ni nini, kama si hewa?"

Uwase alikuwa anaanua maharage kwenye mkeka, upande wa pili wa ua. Ilyasi akangoja mpaka akaingia ndani na kapu lake.

"Ni mimi," akasema. "Kiraka kile nilikijua hakitashika. Gundi ilikuwa imekufa. Kidole kiliniambia, nikakwambia iko sawa. Na chini ya meza nilikuwa na tyubu nzima, kipimo chako. Nilimwekea Rutayisire."

Munyaneza aliendelea kushika waya. Kuku walipita kati yao. Ilyasi alitaka aongeze kitu, habari za mdogo wake, za woga, akaona kila neno litakuwa la kujitetea, akayaacha.

"Rutayisire alikuja kuichukua lini?" Munyaneza akauliza.

"Baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili."

"Ndiyo."

"Ilikaa chini ya meza wiki mbili." Aliuweka waya chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Mimi nimekula kwako. Mwaka mzima nimekushukuru kwa hizi tairi. Mbele za watu nimekushukuru."

"Najua."

"Ondoka kwangu, Ilyasi."

Akaondoka. Mlangoni alimwona mama Nyirahabimana amelala kwenye mkeka wake, mlango wazi, na haikujulikana kama amesikia au amelala kweli.

Katika safu ile yote ya mafundi wa Biryogo, Ilyasi peke yake ndiye aliyekuwa na kompresa ya kujazia upepo, urithi wa baba yake. Wenzake walisukuma pampu kwa mguu. Wiki iliyofuata aliifungua kwenye saruji, akampa Gatera aende kuiuza ng'ambo ya mpaka, naye Gatera akarudi na tairi nne zilizotumika kidogo, tyubu zake nzima, na mikebe miwili ya gundi. Ilyasi alizikagua moja moja, ndani na nje, kwa maji na kwa kidole. Akamwomba Gatera azipeleke Ndera, asiseme zimetoka wapi.

"Atajua," Gatera alisema.

"Ajue. Wewe usiseme tu."

Siku tatu tairi zile zilikaa langoni kwa Munyaneza bila kuguswa. Siku ya nne, ambayo ilikuwa siku ya hospitali, alizifunga. Yale magogo manne aliyaviringisha mpaka ukingo wa shamba, akayaacha huko.

Tangu hapo Pijo haikusimama tena Biryogo. Ilyasi aliiona mara mojamoja ikipanda kuelekea hospitali, mwili wake ukiinama na kuinuka juu ya mashimo, laini, kama mtu anayepumua. Alisikia kwamba mara mbili ilipata pancha, na mara mbili Munyaneza aliteremka, akabadilisha tairi, akaendelea. Alimtumia fundi mwingine, huko Remera.

Siku moja Gatera alileta salamu. Alikuwa amempa mama Nyirahabimana chumvi kutoka Tanzania, naye akamshika mkono.

"Amesema hivi," Gatera alieleza. "Mwambie Ilyasi kwamba leo nimelala njia nzima, mpaka hospitalini wakaniamsha."

Ilyasi akarudi kwenye tyubu aliyokuwa akiiziba.

Mama yule aliishi miezi mingine minane. Alikufa Februari ya tisini na tatu, wiki ambazo vita vilikuwa vimesogea na watu maelfu kwa maelfu waliokimbia kaskazini walikuwa wakimiminika mjini na kwenye vilima vinavyouzunguka, magodoro vichwani. Ilyasi alikwenda maziko. Hakwenda mbele, alisimama nyuma, karibu na mgomba wa mwisho, na watu walipoimba nyimbo za kanisa yeye aliinamisha kichwa, akaomba kwa namna yake. Uwase, sasa ana miaka minane, alimwona, akampungia mkono kidogo, kisha akaushusha kama aliyekumbuka kwamba haruhusiwi.

Watu walipoanza kutawanyika, Munyaneza alimjia. Alikuwa na udongo kwenye viatu. Walisimama bila kushikana mikono.

"Alinieleza yote kabla hajafa," Munyaneza alisema. "Habari za kitenge mdomoni. Wiki nyingi nilikuwa nampiga mama yangu, mara mbili kwa wiki, na sikujua."

"Mimi ndiye niliyeyatengeneza."

"Ndiyo." Munyaneza alitazama chini bondeni, kule njia inakoteremkia Masoro. "Sijakusamehe, Ilyasi. Nimejaribu. Padri amenisemesha, nimejaribu, haikuja. Sitaki kukudanganya, maana sisi tumeshadanganyana vya kutosha."

"Sikuja kuomba hilo."

"Najua. Nilitaka ujue tu kwamba mwishoni alisafiri vizuri."

Ilyasi alitaka kumwambia ahsante. Munyaneza alikuwa ameshageuka, anarudi kwa wageni wake, mkono wake ukiwa begani mwa Uwase.

Mvua ilianza kunyesha. Ilyasi alikunja kanzu yake mpaka magotini, akashika njia ya kurudi mjini kwa miguu, akipishana na wakimbizi wanaopanda na mizigo, hadi mmoja wao, mzee mwenye mbuzi, akamwuliza kama huko mbele kuna mahali pa kulala. Akamwambia apande juu, nyumba ya kwanza baada ya shamba la migomba, kuna maziko, lakini mwenye nyumba ni mtu mwema, hatamfukuza.